Tutengeneze Kisanduku cha Kinoo

Ndugu mkulima, leo tuiache kidogo habari ya mbegu na mbolea. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho katika nyumba nyingi za Wilaya ya Kilosa kinalala nyuma ya mtungi wa maji, au juu ya ukuta wa banda la kuku, au palepale chini ya mwembe kilipotumiwa mara ya mwisho. Kitu chenyewe ni kinoo, yaani jiwe la kunolea. Na hasa nataka tuzungumze namna ya kukitengenezea kisanduku cha mbao chenye kifuniko.

Najua wapo watakaocheka. Watasema, jiwe nalo linahitaji sanduku? Jiwe si jiwe tu? Haya, hebu tusikilizane kwanza.

Fikiri habari ya palizi. Masika yakishakolea, kuanzia Rudewa mpaka Ulaya, kuanzia Kimamba mpaka Kidodi, kila nyumba inapalilia wakati mmoja. Hakuna wa kumwazima mwenzake mkono. Mahindi yana wiki mbili tatu tangu yaote, na magugu nayo hayangoji. Mahindi yakisongwa na magugu katika wiki zile za mwanzo, hata ukija kupalilia vizuri baadaye, hasara imekwisha kuingia. Sasa wewe unashika jembe butu. Jembe butu haliingii ardhini, linakwaruza juu juu. Magugu yanalala tu, hayakatiki. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi unayakuta yamesimama yanakutazama. Kazi uliyoikadiria siku nne inakula wiki nzima, na mgongo unauma kuliko ungeuma.

Panga butu ndilo baya zaidi, maana lina hatari. Panga kali hukata kwa uzito wake lenyewe. Panga butu unalisukuma kwa nguvu zako, na likigonga kijiti kigumu huteleza, nawe hujui litaishia wapi. Mara nyingi huishia kwenye muundi wa mguu. Wakata mkonge na wakata miwa wanalijua jambo hili sana, ndiyo maana hutawaona wakianza kazi kabla ya kunoa.

Basi mwenye kinoo kizima hana sababu ya kuwa na panga butu. Lakini vinoo vizima ni vichache. Pita nyumba kumi uombe jiwe la kunolea uone utakachopewa. Utapewa nusu jiwe. Utapewa pembe ya jiwe. Utapewa jiwe zima lakini lililoliwa katikati mpaka likawa na bonde kama mtumbwi. Na yule mwenye jiwe zuri atakuambia limeazimwa na jirani mwezi uliopita.

Kwa nini mawe haya yanavunjika upesi? Inafaa tuelewe jiwe lenyewe ni kitu gani. Wapo wanaookota jiwe laini la mtoni wakanolea, na mengine ni mazuri tu. Lakini jiwe la madukani, lile la kijivu au jekundu lenye pande mbili, halikuchimbwa mahali popote. Limetengenezwa kiwandani. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja aliyeitwa Edward Acheson alipitisha umeme mkali katika mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi na unga wa makaa. Alipozima akakuta chembe ndogo zinazong'aa, ngumu kiasi cha kukwaruza kioo. Akaziita karborandamu. Tangu hapo viwanda huchukua chembe ngumu za namna hiyo, huzichanganya na udongo unaozishikamanisha, hushindilia katika kalibu, halafu huchoma katika tanuri.

Umesikia hapo? Udongo, tanuri. Maana yake kinoo chako ni ndugu wa chungu cha kupikia. Chembe zake ni ngumu kuliko chuma, lakini kilichozishika ni udongo uliochomwa. Kwa hiyo hakipindi wala hakinywei. Kikianguka kutoka mezani juu ya sakafu ya saruji, kinafanya kile ambacho chungu hufanya.

Kuvunjika si hasara peke yake. Jiwe likiachwa wazi hupata vumbi na mchanga. Punje ya mchanga ni kubwa kuliko chembe za upande ule laini wa kinoo. Ukipitisha kisu juu yake, punje moja tu inatosha kukwaruza makali uliyoyahangaikia nusu saa nzima. Tena kama jiwe lilipakwa mafuta, vumbi hushikamana na yale mafuta, likaziba vitundu vyote. Jiwe linakuwa kama kioo. Chuma kinapita juu kinateleza, hakiliki. Watu wengi husema jiwe limekwisha. Halijaisha, limezibwa.

La tatu ni jiwe kukosa mahali pa kukaa wakati wa kazi. Panga refu tunalinoa kwa kulishika panga na kulipitisha jiwe juu yake, na hiyo si mbaya ukijua kuweka vidole. Lakini kisu, patasi, ulimi wa randa na shoka dogo hunolewa kinyume chake: jiwe litulie, chuma ndicho kipite. Sasa utalituliza vipi jiwe? Wengine hulikanyaga kwa mguu. Wengine hulishika mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia. Siku kisu kikiteleza, mkono ule wa kushoto ndio unaopokea.

Kisanduku ninachokisema kinamaliza mambo yote matatu kwa mara moja. Kina sehemu mbili. Ya chini tuiite kitako. Kitako kina shimo la kina kidogo ambamo jiwe linakaa, nusu ya unene wake imezama, nusu imetokeza juu. Unanolea humohumo, bila kulitoa jiwe. Ya juu ni kifuniko, nacho kina shimo kama hilo, kinakuja juu ya ile nusu iliyotokeza. Hakuna bawaba, hakuna kufuli. Mafundi seremala wa zamani walikuwa nacho kila mmoja katika sanduku lake la vifaa, na wengine mpaka leo wanacho.

Kabla hatujashika msumeno nataka niseme neno moja juu ya jembe. Jembe halinolewi kwenye kinoo. Jembe ni la tupa. Ukingo wake ni mnene, una mikwaruzo ya mawe ya shambani, utalila jiwe lako bure na makali usiyapate. Vilevile mundu wa meno, ule unaotumika kuvunia mpunga, kama kule Malolo kwenye skimu ya Mwega, usiupitishe kwenye kinoo. Utayaondoa meno yaliyoupa kazi. Kinoo ni cha panga baada ya tupa, cha kisu, cha shoka na cha vyombo vya useremala.

Sasa tuje kwenye mbao.

Mbao ya kwanza kwa sifa ni mninga. Mninga unaota katika misitu yetu ya miombo, na ukishakauka haukunyati sana wala haupindi. Kiini chake chekundu mchwa hawakipendi. Lakini angalia: ile sehemu nyeupe ya pembeni, iliyo karibu na ganda, inaliwa na wadudu upesi sana, kwa hiyo iondoe yote. Na unapoukata funga kitambaa puani, maana vumbi la mninga linawasha pua na kifua. Baada ya mninga nauweka mtiki, ule ambao vitabu vinauita msaji. Katika Mkoa wetu wa Morogoro umepandwa kwa wingi, Mtibwa na bonde la Kilombero, na mabaki yake yanapatikana kwa mafundi. Una mafuta ya asili ndani yake, unavumilia maji. Mkangazi nao unafaa. Mpingo mimi siushauri kwa kazi hii, ingawa ni mti wa heshima. Ni mgumu mno, utaimaliza patasi kabla hujafika nusu ya shimo.

Kwa anayejifunza, mbao ya paini ni rahisi kuchimba. Malori ya mbao za Sao Hill kutoka Mufindi yanapita Mikumi kila siku, na mafundi wa pale barabarani hawakosi vipande. Ila uulize kwanza kama mbao imetiwa dawa. Mbao iliyotiwa dawa mara nyingi ina rangi ya kijanikijani. Dawa ile ni sumu. Maranda yake yasiende jikoni kuwashia moto, na vumbi lake lisiingie kifuani. Kwa kitu utakachokishika kila siku, tafuta isiyo na dawa.

Wala usiende kukata mti kwa ajili ya kisanduku. Hilo nalisema kwa mkazo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, huruhusiwi kutoa humo hata gogo lililoanguka lenyewe. Nje ya hifadhi nako kuna misitu ya vijiji, ambayo vijiji vyenyewe vimeitenga na kuiwekea taratibu zake. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, kuvuna mti katika misitu hiyo kunahitaji kibali, na mninga na mpingo ni katika ile inayolindwa zaidi. Ukiona gogo kavu umelipenda, nenda kwa kamati ya maliasili ya kijiji uulize. Lakini ya nini taabu yote hiyo? Tunachohitaji ni kipande kisichozidi urefu wa kiganja na nusu. Nenda kwa fundi wa milango au wa vitanda, Kilosa mjini, Mikumi au Ruaha. Pembeni ya karakana yake utakuta lundo la vipande anavyouza kuwa kuni. Chagua humo.

Chagua kilichokauka. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mbao mbichi ina maji, na maji yakitoka mbao inakunyata, hasa kwa upana. Jiwe halikunyati. Ukichimba shimo katika mbao mbichi, leo jiwe litaingia vizuri. Ukifika mwezi wa nane kwenye kiangazi kile cha Mikumi, shimo limekuwa dogo na jiwe lile lile limo ndani. Kimoja lazima kishindwe. Ama mbao inapasuka kutoka ncha hadi ncha, ama inalibana jiwe hata usiweze kulitoa tena.

Utajuaje kwamba imekauka? Kugonga na kusikiliza kunasaidia kwa mzoefu. Kwa asiye mzoefu iko njia isiyodanganya: peleka kipande dukani kwenye mizani, kipime, andika uzito. Kiweke ndani ya nyumba, juu, kisiguse ukuta wala sakafu. Baada ya wiki mbili kipime tena. Uzito ukipungua, bado. Ukipima mara mbili mfululizo uzito haukupungua, hapo anza kazi.

Wakati mbao inakauka, wewe litengeneze jiwe. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni na brashi ya nguo, maji machafu yote yatoke. Kama lina mafuta ya zamani, lioshe kwanza na mafuta ya taa, mbali na moto. Halafu tazama kama lina bonde: weka ukingo wa rula juu yake ulitazame kwenye mwanga. Likiwa na bonde, tafuta sakafu ya saruji iliyo tambarare, mwaga mchanga safi na maji, ulisugue jiwe hapo kwa mizunguko mikubwa. Ongeza mchanga, ongeza maji. Inachosha, lakini jiwe linarudi tambarare kabisa. Lisawazishe sasa, maana ukilisawazisha baada ya kuchimba shimo, unene wake utakuwa umepungua na vipimo vyako vimepotea.

Haya, mbao imekauka na jiwe ni safi. Chukua kipande cha mbao ya mbili kwa tatu, yaani unene wa inchi 2 na upana wa inchi 3, chenye urefu wa inchi 11. Kwa sentimita ni kama 5 kwa 7.5 kwa 28. Hesabu hii ni ya jiwe lile la kawaida lenye urefu wa inchi 8, upana wa inchi 2 na unene wa inchi 1. Jiwe lako likiwa na kipimo kingine, fuata jiwe, usifuate maneno yangu: upana wa mbao uzidi wa jiwe kwa inchi moja, na urefu uzidi kwa inchi tatu.

Chora mkwaju mmoja wa penseli ubavuni mwa kipande, kuvuka unene wote. Hiyo ni alama ya kukumbusha vipande vilivyokuwa pamoja. Kisha pasua kwa urefu, katikati ya unene, upate vipande viwili vya inchi moja kila kimoja, pungufu kidogo kwa sababu msumeno nao una sehemu yake. Usipojiamini na msumeno, mwombe fundi mwenye mashine akupasulie. Ni kazi ya dakika moja. Nyuso zile mbili zilizopasuliwa zipige randa mpaka ukizikutanisha mwanga usipite katikati.

Weka jiwe katikati ya uso wa kile kipande cha kitako. Libaki nusu inchi kila upande, na inchi moja na nusu kila ncha. Lishike imara, chora kulizunguka kwa penseli iliyochongwa vizuri. Liondoe. Sasa chora mstari mwingine nje ya huo, nafasi ya katikati iwe unene wa jalada la daftari, si zaidi. Nafasi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kulitoa jiwe uligeuze upande wa pili, kwa maana jiwe lako lina upande wa kukwangua na upande wa kumalizia, na wote unauhitaji.

Kifunge kipande kwenye jiliwa, au kama huna, gonga vijiti viwili juu ya benchi vikizuie. Kisishikwe kwa mkono. Mkono wowote ulio mbele ya patasi uko mahali pasipo pake.

Anza na ncha mbili za shimo, pale ambapo nyuzi za mbao zinakatwa. Simamisha patasi wima, ndani kidogo ya mstari, upande wake ulio bapa ukitazama nje. Gonga kwa nyundo ya mbao, taratibu. Ukianza kwa kuchimba kwa urefu kabla ya kuzikata nyuzi kwenye ncha, mpasuko utakimbia kupita mstari na kipande kimekwisha. Ukishakata ncha, kata na pande ndefu, lakini hapo gonga kwa upole zaidi, maana patasi ikisimama sawa na nyuzi huipasua mbao upesi. Halafu laza patasi, toa nyama ya katikati kidogo kidogo ukielekea kwenye ncha. Mwenye keekee anaweza kutoboa matundu mengi kwanza ili kujirahisishia. Afunge uzi mwekundu kwenye chuma cha keekee pale kina kinapotakiwa kuishia, ili asijikute ametokea upande wa pili.

Kina cha shimo la kitako kiwe sentimita 1.2, yaani pungufu kidogo ya nusu inchi. Mistari ile ya mwisho usiiguse mpaka shimo lote limefika kina chake. Ndipo urudi na patasi uliyoinoa upya, ukwangue mpaka kwenye mstari.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni sakafu ya shimo. Isiposawazika, jiwe litaegemea vilima viwili, katikati pana utupu. Siku utakapobonyeza shoka kwa nguvu, jiwe linakatika ndani ya nyumba yake, nawe utashangaa. Kwa hiyo paka chaki chini ya jiwe, lishushe shimoni, lisukume kidogo huku na huku, litoe. Palipopata weupe ndipo palipo juu. Kwangua hapo tu. Rudia. Mara ya tano au ya sita utaona weupe umeenea sakafu nzima, na jiwe ukiligusa pembe halichezi. Basi acha, lisikushawishi kuendelea.

Kifuniko kinachimbwa vivyo hivyo, ila shimo lake liwe na kina cha sentimita 1.4, na nafasi ya pembeni iwe kubwa kidogo kuliko ya kitako. Kifuniko si cha kubana, ni cha kufunika. Ukigeuza mikono ya mistari uhakikishe mkwaju ule wa ubavuni unakutana. Vipande vitafungana kama vilivyokuwa mti mmoja. Mwisho piga randa pembe zote za nje ziwe butu, upitishe msasa, na ukwangue kijibonde kidogo ubavuni cha kuingiza kidole wakati wa kufungua.

Je, asiye na patasi? Yuko mwingi, tusimwache. Huyu achukue ubao mwembamba wa nusu inchi, urefu na upana uleule wa 28 kwa 7.5. Aliweke jiwe katikati. Halafu akate vijiti bapa vyenye unene wa sentimita 1.2, avipange kulizunguka jiwe kama fremu ya picha, avitie gundi ya mbao na kuvigongomea. Shimo limepatikana bila kuchimba. Kifuniko vilevile, vijiti vyake viwe vinene kidogo. Kwa mninga na mtiki atoboe kwanza tundu jembamba kwa kila msumari, la sivyo vijiti vitapasuka. Na kila kichwa cha msumari akizamishe ndani ya mbao kwa kutumia msumari mwingine, kisitokeze hata chembe. Kisu kikigonga kichwa cha msumari mara moja, makali yana pengo, na kazi inaanza upya kwenye tupa. Kisanduku hiki hakina umri mrefu kama kile cha kuchimba, lakini kinafanya kazi ileile.

Kisanduku kisiteleze mezani. Mafundi hugonga vimisumari viwili chini ya kitako, wakakata vichwa na kuchonga ncha, zikabaki zimetokeza kiasi cha upana wa punje ya mchele. Ukikibonyeza kisanduku juu ya benchi, kinauma. Lakini kama meza yako ndiyo hiyohiyo ya kulia chakula, mama wa nyumbani hatakuelewa. Bandika vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, au vya kandambili kuukuu. Ukanda wa mpira huohuo wa baiskeli ukiuzungusha katikati unashika kifuniko na kitako hata ukitia kisanduku ndani ya kikapu kwenda nacho shambani.

Ndani na nje, mbao ipewe kinga. Kwa watu wa Kilosa wanaofuga nyuki kitu kizuri kiko karibu: nta. Iyeyushe ndani ya kopo lililowekwa katika sufuria ya maji ya moto, kamwe usiweke kopo juu ya moto wenyewe, maana nta huwaka kama petroli. Paka ikiwa bado ya moto, hasa kwenye sakafu ya shimo na kwenye zile ncha zilizokatwa nyuzi. Huko ndiko mbao inakonywea maji. Ikipoa, futa iliyozidi kwa kitambaa.

Halafu amua: jiwe lako ni la maji au la mafuta? Yote mawili hayakai pamoja. Likishanywa mafuta, maji hayatashika tena. Mimi kwa matumizi ya shambani napenda maji, hayana gharama. Ila ukinoa kwa maji, liache jiwe wazi likauke kabisa kabla ya kulifunika. Ukilifunika likiwa limelowa, mbao itavimba na kuota ukungu. Ukipenda mafuta, yawe mepesi. Oili chafu ya gari ndiyo inayoziba mawe ya watu. Tena tumia uso wote wa jiwe, ncha mpaka ncha, ubavu mpaka ubavu. Bonde lile la mtumbwi haliletwi na uzee, linaletwa na mazoea ya kusugua mahali pamoja.

Na kisanduku kikae wapi? Juu, kwenye rafu au kwenye mwimo wa dirisha la ndani, si chini kwenye udongo penye mchwa. Si ghalani vilevile. Mnamkumbuka dumuzi, yule mdudu wa mahindi aliyetambuliwa kule Tabora mwaka 1981, watu wakampa jina la skania? Mdudu yule hali mahindi peke yake. Anatoboa na mbao kavu, na miti ya maghala yetu ni ushahidi. Kisanduku cha paini ukikiweka juu ya magunia, unamwongezea chumba.

Nimeulizwa pia habari ya jiwe ambalo limekwisha kuvunjika vipande viwili. Hilo usilitupe. Ndilo linalohitaji kisanduku kuliko mengine. Safisha pale palipovunjika, kutanisha vipande vione kama meno yanaingiana. Chimba shimo kwa kipimo cha jiwe zima, lakini kwa urefu uongeze nafasi ya kidole kidogo. Shusha vipande vyote viwili, halafu katika nafasi ile sukuma kabari nyembamba ya mbao, ivibane vikutane. Kabari iwe chini ya uso wa jiwe, kisu kisiiguse. Gundi ya mbao usijisumbue nayo, haishiki jiwe lililowahi kupata mafuta. Kisha chukua kitako kizima na jiwe lake, kigeuze juu chini, usugue kwenye ile sakafu ya saruji yenye mchanga na maji, mpaka ukipitisha ukucha juu ya mpasuko usikwame. Hapo unaweza kulitia kisu.